Kijana na mkongwe ulingoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usiku wa ngumi Unguja

Tangu ngumi zirudi visiwani, kila pambano likikaribia naulizwa mambo yaleyale: barazani, ndani ya daladala, hata kwenye hitima. Mimi ni mtu wa kona. Nafunga bendeji, nashika ndoo, nampaka bondia mafuta usoni kabla hajapanda. Pambano linalouliziwa zaidi ni la aina moja: kijana anayekuja juu akikutana na mkongwe aliyekwishapigana na kila mtu. Majibu yangu ni haya.

Ngumi si zilipigwa marufuku Zanzibar?

Zilipigwa marufuku, na kwa muda mrefu. Katazo liliwekwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, likakaa karibu miaka 60. Rais Hussein Ali Mwinyi aliliondoa mwaka 2022, na Agosti 2023 mabondia wa kulipwa wakapanda ulingoni Unguja. Januari 2024 Hassan Mwakinyo wa Tanga akaja kupigana na Mbiya Kanku wa Kongo pale Amaan, uwanja ukiwa ndio kwanza umetoka kujengwa upya, akashinda.

Watu wengi huishia hapo: katazo limeondoka, tumefurahi. Mimi nakuombeni mfikirie kilichopotea katikati. Ngumi haisomwi kitabuni. Mzee anamshika kijana bega, anamgeuza, anamwambia "teremsha kidevu", na yule kijana miaka 30 baadaye anamgeuza mwengine vilevile. Bara mnyororo huo haukukatika. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, baadaye wakaja akina Rashid Matumla, akaja Francis Cheka, na kila mmoja aliwakuta wakubwa jimu akawaacha wadogo. Kwetu mtoto aliyezaliwa na mkono mzuri alikwenda kwenye mpira, kwenye judo, au akavuka bahari. Jimu ninayofanya kazi mimi, upande wa Ng'ambo, ina vijana wa miaka 19 wenye kasi ya kutisha, na haina hata mzee mmoja wa kukaa kwenye benchi akaguna mtu anapokosea.

Kwa hiyo mkongwe kutoka bara anapokuja kupigana na kijana wetu, nisameheni, mimi sioni mpinzani peke yake.

Kwa nini mapromota hupenda kumpanga kijana na mkongwe?

Kwa sababu tiketi huuzika. Jina la mkongwe watu wanalijua, na la kijana wanataka kulijua. Kambi ya kijana inataka jina hilo kwenye rekodi yake. Kambi ya mkongwe inataka malipo, na pengine nafasi ya mwisho ya kurudi juu. Kila upande unaamini unamtumia mwenzake, na mmoja wao lazima awe amekosea hesabu.

Kuna upangaji mbaya pia, na lazima niuseme. Wapo wanaotafuta mkongwe aliyekwisha kabisa, asiye na mazoezi, ili kijana wao aonekane simba. Hilo si pambano. Kijana harudi na kitu, na mzee wa watu anapigwa kichwani bure. Ukiona mkongwe hajapanda ulingoni miaka mitatu na uzito umempita, jiulize nani kampanga na kwa nini.

Nikiona rekodi imeandikwa 14-0 na nyengine 31-11-3, nisome vipi?

Namba ya kwanza ni ushindi, ya pili kushindwa, ya tatu sare. Usikimbilie kumdharau mwenye 11 za kushindwa. Tazama alishindwa na nani, wapi, na vipi. Bondia anayeitwa ugenini kwa taarifa fupi, akapigana na mwenyeji mbele ya watu wake, akamaliza raundi zote na kupoteza kwa pointi, hiyo ni skuli aliyosoma. Na ile 14-0 uitazame vilevile: hao 14 ni akina nani?

Septemba 2018 Mwakinyo alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyetazamiwa kushinda nyumbani kwao. Mwakinyo akammaliza raundi ya pili. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, akarudi Uingereza kukutana na Liam Smith mjini Liverpool, akasimamishwa raundi ya nne. Mtu ni yuleyule. Karatasi haikuambii usiku huo utakuwaje.

Mkongwe ana nini ambacho kijana hana?

Hili ndilo swali nililolitaka, kwa hiyo nivumilieni.

Kinachoondoka kwanza kwa bondia ni kasi. Anaiona ngumi inakuja, anajua la kufanya, mwili unachelewa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachompasua nyusi. Miguu nayo hupungua. Nguvu ya mkono huchelewa sana kuondoka, ndiyo maana mkongwe mpigaji ni hatari hadi kengele ya mwisho.

Kinachobaki ni akili, na akili ya ngumi inaonekana ukijua pa kuangalia. Usitazame mikono. Tazama miguu. Ulingo ni mraba, na kijana hupenda kuzunguka. Mkongwe hamkimbizi. Anapiga hatua moja ya pembeni, fupi, na kwa hatua hiyo moja ameokoa tano. Ukihesabu mwisho wa raundi, kijana amezunguka kama mtu anayetafuta mlango, na mzee kakaa palepale katikati akimgeukia.

Bondia wa kushoto, anayeuweka mkono wa kushoto nyuma, akikutana na wa kulia, shughuli nzima ni mguu wa mbele. Atakayeuweka mguu wake nje ya mguu wa mwenzake ndiye mkono wake wa nyuma una njia, na kichwa chake kimetoka kwenye mstari. Tofauti ni upana wa kiganja. Kijana asiyefundishwa hilo hujikuta anakula ngumi ileile raundi baada ya raundi, akarudi kwenye kona ananiuliza, "Inatokea wapi?"

Kisha kuna kukumbatia. Watazamaji wetu huzomea, wakidhani mzee anaogopa. Mtazame vizuri: kamwekea mwenzake uzito wote juu ya shingo, analala juu yake kama gunia la karafuu mbichi, na kijana ndiye anayeubeba. Refa akiwatenganisha, mmoja kapumzika na mmoja kachoka. Kuna pia kuiba raundi. Mkongwe anajua majaji ni binadamu, hukumbuka zaidi mwisho kuliko mwanzo. Dakika mbili na nusu anatembea, kisha sekunde 30 za mwisho anaachia makonde kumi na ukumbi unasimama.

Kijana anapoona hamgusi mzee kichwani, hupiga kwa hasira kwenye viwiko na mabega. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Nimefungua bendeji za vijana waliogundua hivyo, vifundo vimevimba kama malimau.

Basi kijana ana faida gani?

Pumzi, kasi, kupona haraka. Dakika moja ya mapumziko inamrudisha kijana kamili. Mkongwe inamrudisha nusu. Akiwa na subira ya kufanya kazi kwenye mbavu mapema, bila kutafuta KO, yaani kumlaza mtu asiinuke, raundi ya sita au ya saba mikono ya mzee huteremka yenyewe. Tatizo ni hiyo subira. Marafiki zake wote wa maskani wamekuja, wanapiga kelele "mmalize!", na yeye anawasikia wao badala ya kona.

Kuna mifano mikubwa ya dunia?

Mingi, na inakwenda pande zote mbili.

Oktoba 26, 1951, Joe Louis akiwa na miaka 37 alikutana na Rocky Marciano. Louis alikuwa amerudi kwa shida ya pesa. Marciano akamtoa nje ya kamba raundi ya nane, na alimpenda Louis kiasi kwamba baadaye alilia. Oktoba 2, 1980, Muhammad Ali, miaka 38, alipigana na Larry Holmes, kijana aliyewahi kumsaidia mazoezi. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha. Angelo Dundee, mtu wa kona wa Ali, akalisimamisha baada ya raundi ya 10.

Lakini Ali huyohuyo, Oktoba 30, 1974, alfajiri mjini Kinshasa, akiwa na miaka 32, aliegemea kamba akamwachia George Foreman wa miaka 25 ajichoshe hadi raundi ya nane, kisha akamwangusha. Foreman akaibeba hasara hiyo miaka 20. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alipanda kupigana na bingwa Michael Moorer wa miaka 26. Alivaa bukta ileile ya Kinshasa. Kwenye kona yake alikaa Angelo Dundee, yuleyule aliyekuwa kona ya Ali usiku ule. Raundi tisa Moorer alikuwa mbele kwa majaji wote watatu. Raundi ya 10 Foreman akapata nafasi ya mkono mmoja wa kulia ulionyooka, mfupi, na kijana akalala chali.

Kila ninapofikiria hilo hurudi kwa Dundee. Mtu wa kona iliyomshinda Foreman ndiye aliyekuja kumsaidia. Ngumi huwa hivyo.

Pointi zinahesabiwaje? Mbona tulidhani fulani kashinda?

Majaji ni watatu, kila mmoja upande wake, na hawaruhusiwi kushauriana. Kila raundi ni hesabu yake peke yake. Aliyeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9. Akiangushwa mara moja kwa kawaida anapata 8, mara mbili 7. Wanatazama makonde safi yanayofika, kushambulia kwenye faida, nani anautawala ulingo, na nani anajilinda vizuri. Kelele za ukumbi hazina pointi.

Chukua pambano la raundi 10. Kijana kashinda raundi sita, mkongwe nne. Ni 96-94 kwa kijana. Lakini kama mkongwe katika mbili za raundi zake nne alimwangusha kijana mara moja moja, hesabu inakuwa 94-94. Sare. Watu watatoka uwanjani wamekasirika wakidai wameibiwa, na kumbe hakuna aliyeibiwa kitu. Kaa na kalamu, andika raundi kwa raundi, kisha ulinganishe. Ukifanya hivyo mapambano matatu utakuwa mtazamaji mwengine kabisa.

Majaji wote wakimpa mmoja, ni ushindi wa pamoja. Wawili wakimpa huyu na wa tatu akampa yule, bado ni ushindi halali.

Kwa nini refa alisimamisha na mtu bado amesimama?

Kwa sababu kusimama si kujilinda. Refa anatazama macho, anatazama kama mikono inarudi juu, anatazama kama bondia anajibu. Aliyeanguka huhesabiwa hadi nane hata akiinuka papo hapo. Hesabu ikifika kumi hajainuka, imekwisha. Akiinuka, refa atamwambia asogee mbele, amtazame anavyotembea. Mkanyago mmoja mbovu watosha.

Kwenye pambano la mkongwe mimi huomba refa awe mwepesi zaidi. Mkongwe ana moyo ambao mwili hauna tena, hatajisalimisha mwenyewe. Na kama refa hakusimamisha, ipo kona. Kurusha taulo ni kazi yetu, wala si aibu. Nimewahi kurusha na bondia wangu hakusema na mimi wiki mbili. Mama yake alinipigia simu siku ya pili kunishukuru.

Raundi ni ngapi, na za muda gani?

Wanaume dakika tatu, wanawake kwa kawaida dakika mbili, mapumziko dakika moja. Anayeanza hupigana raundi nne au sita, kisha nane, kisha 10. Ubingwa wa dunia wa wanaume ni 12. Zamani zilikuwa 15. Novemba 13, 1982, Mkorea Kim Duk-koo alipigana na Ray Mancini kule Las Vegas, akaanguka raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Ndipo zikaanza kupunguzwa.

Uzito unapimwa lini?

Kwa kawaida siku moja kabla. Madaraja ya kawaida ni 17. Mfano uzito wa welta mwisho wake ni kilo 66.7, uzito wa kati kilo 72.6, na juu ya kilo 90.7 ndio uzito wa juu. Hadi welta glovu ni za wakia 8, juu ya hapo wakia 10. Jambo la kutazama siku ya mizani ni uso wa mkongwe. Mwili wa miaka 38 hautoi kilo kama wa miaka 20. Ukiona mashavu yameingia ndani na midomo imekauka, ujue amejinyima maji, na kesho ataingia ulingoni na kichwa kisichokuwa na kinga ya kutosha. Hapo nguvu za kijana huongezeka mara mbili bila yeye kufanya chochote.

Mikanda mbona mingi?

Mikubwa ni ya mashirika manne: WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina mikanda midogo ya mabara na kanda. Juu yake kuna mashirika madogo mengi. Mkanda wa kanda si wa dunia, hata tangazo likiandikwa kwa herufi kubwa. Uliza raundi ngapi, na nani mpinzani.

Dini inasemaje?

Naulizwa sana, na ni haki kuuliza. Ipo hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kupiga usoni, na wapo masheikh wanaoikataa ngumi kwa sababu hiyo. Mimi si mwanachuoni, sitoi fatwa. Muulize sheikh wako unayemwamini, na moyo wako ukikataa usije. Hakuna wa kukulaumu. Ila wanaoniambia kupigana kwa kanuni si jambo la kwetu, huwaambia waende Makunduchi mwezi wa Julai siku ya Mwaka Kogwa, wakaone wanaume wanavyochapana kwa migomba, wakamaliza, wakaenda kula pamoja.

Wanawake waje? Watoto je?

Wanawake wanakuja, tena wengi, na wanakaa vizuri. Mtoto mdogo mwache nyumbani; pambano kuu huanza usiku mwingi.

Natoka Pemba. Nifanyeje?

Njoo siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Usitegemee kurudi usiku uleule. Na ninyi wa Pemba mna uwanja wa Gombani. Siku ulingo utakapofungwa pale nitakuwa wa kwanza kuteremka Mkoani na ndoo yangu.

Mwanangu ana miaka 14, anataka kuanza. Nimruhusu?

Mruhusu afanye mazoezi: kuruka kamba, kukimbia, miguu, begi. Aanzie ngumi za ridhaa, zenye raundi tatu na uangalizi, na asikimbizwe kwenye za kulipwa. Nenda naye jimu wewe mwenyewe, ukae ukatazame. Mwalimu anayewapambanisha watoto kwa nguvu siku ya kwanza, mchukue mwanao uondoke. Mwalimu anayemfundisha kusimama mwezi mzima kabla ya kumvalisha glovu, huyo mshike. Na akipigwa akaumwa kichwa, akatapika au akawa mzito wa kusema, ni hospitali usiku huohuo, na ulingo hapana mpaka daktari aseme.

Mkongwe akishindwa na kijana, ndiyo basi?

Nitakujibuni kwa nililoliona.

Mkongwe mmoja kutoka bara alipoteza kwa kijana wetu kwa pointi. Pambano la haki, kijana alistahili. Asubuhi yake tukiwa jimu tunaosha bendeji, tukamwona mlangoni: jicho la kulia limefunga, mfuko begani, anasubiri boti ya jioni na hana pa kukaa. Tukampa chai na chapati. Akakaa juu ya tairi, akawatazama vijana wanaruka kamba, akaguna.

Baadaye akaomba chaki. Akapiga magoti, taratibu kama mtu anayeumwa mbavu, akachora nyayo mbili sakafuni, kisha nyengine mbili za kumkabili. Akamwita kijana aliyemshinda.

"Mdogo wangu, njoo usimame hapa. Jana umenipiga, sikatai. Lakini raundi ya nne nilikugonga kwa mkono wangu wa kushoto mara ngapi?"

"Mara nyingi, kaka. Sikuwa nauona."

"Usingeuona. Mguu wangu ulikuwa hapa." Akaugonga wayo wa nje kwa kidole. "Wako ulikuwa pale. Sogeza. Kidogo. Basi."

Kijana akasogeza mguu upana wa kiganja, na mkongwe akainuka, akamnyooshea mkono wa kushoto polepole. Ukapita hewani. Akamrudisha, akarudia. Wengine wakaacha kamba wakasogea, mmoja mmoja, wakazunguka zile chaki. Kila mmoja akasimamishwa juu ya nyayo, akageuzwa kwa bega.

Boti ya jioni ilimwacha. Akapanda ya kesho yake.